Mfuko wa Madini Unapimwa, Kidonge cha Mtoto Hakipimwi

Nenda Musompo, soko la madini lililo nje kidogo ya Kolwezi, uone mfuko wa heterojeniti, jiwe la kobalti, unavyopokelewa. Mchimbaji anautua, mtu wa depo anatoa kile kifaa tunachokiita Metorex, anakielekeza kwenye mawe, na punde namba zinatokea: kobalti asilimia kadhaa, shaba asilimia kadhaa. Mchimbaji hulalamika kwamba kifaa kimechezewa ili apunjwe, na malalamiko hayo yana historia ndefu. Lakini hakuna mnunuzi pale atakayetoa pesa kwa jiwe alilolitazama rangi tu. Kisha rudi mjini, ingia farmasi ya kando ya barabara, ununue amoksilini ya mtoto mwenye kichomi. Muuzaji anaangalia jina kwenye boksi. Wewe unaangalia bei. Biashara imekwisha, na hakuna kati yenu anayejua kilichomo ndani ya kidonge.

Nasema bila kuzunguka: mji unaopima kila mfuko wa jiwe unaotoka, na usipime dawa inayoingia, umekubali kwamba jiwe lina thamani kuliko mtoto. Mimi sikubali. Wala sikubali kisingizio kwamba sisi wa mkoa huu wa Lualaba hatuna ujuzi. Migodi mikubwa iliyotuzunguka, kuanzia Kamoto hadi Kamoa na Tenke Fungurume, ina maabara zenye wakemia Wakongo wanaofanya kazi kwa zamu, wakiyeyusha sampuli kwa asidi na kusoma kiasi cha metali kwa usahihi ambao mnunuzi wa ng'ambo hathubutu kuudharau. Kupima kidonge kunataka mashine nyingine na mafunzo mengine, kweli. Nidhamu yake lakini ni ileile: sampuli, lebo, kipimo, kipimo cha kurudia, sahihi, daftari. Vijana wetu wanayo nidhamu hiyo tayari. Wanaitumia kwa ajili ya shaba.

Kinachotokea nidhamu hiyo ikikosekana kwenye dawa tunakijua, kwa sababu kimekwisha kutokea katika nchi hii hii. Kuanzia Desemba 2014, huko Ituri, watu walianza kufikishwa vituo vya afya shingo zimepinda, macho yamegeuka, ulimi umetoka nje, misuli ya uso na mikono imekakamaa. Wauguzi na madaktari walishuku homa ya uti wa mgongo. Miezi ikapita. Wagonjwa wakazidi 1,000, wakiwemo watoto wengi wadogo, na baadhi yao wakafa. Ukweli ulipothibitishwa ulikuwa huu: vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu havikuwa na diazepamu. Vilikuwa na haloperidoli, dawa ya maradhi makali ya akili, kwa kiasi ambacho mtoto hapaswi kukikaribia. Ilibidi sampuli zisafiri hadi maabara za nje ndipo ijulikane, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari mwaka 2015.

Sasa jiulize ukweli huo ulikuwa umelala wapi miezi yote hiyo. Muuguzi aliyetoa kidonge alikiona kilichofuata. Mama aliijua chupa. Muuzaji alijua siku shehena mpya iliposhushwa. Daktari alijua kwamba vipimo vya uti wa mgongo havioani na alichokuwa akikiona kitandani. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ituri kila kinga kilikuwa peke yake. Hapakuwa na daftari moja lililouliza: ulikunywa nini kabla ya haya, na chupa ilikuwa na namba gani ya toleo? Habari zilikuwepo, ila hapakuwa na taasisi ya kuzikusanya na kuzifanya ujuzi.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanasiasa wanaodhani jibu ni kukata utepe wa kiwanda cha dawa. Kiwanda si kibaya. Bukavu kuna Pharmakina, iliyotengeneza kwinini kutokana na magome ya miti ya Kivu kwa miongo mingi, na mwaka 2005, katika jimbo lililokuwa bado linavuja damu, ikaanza kutoa Afri-vir, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Iliwezekana kwa sababu palikuwa na watu waliokuwa wameshaizoea kemia hiyo kwa mikono yao, na akaja Krisana Kraisintu, mfamasia wa Thailand aliyekuwa amekwisha kuongoza kazi ya namna hiyo kwao, akawaonyesha. Ujuzi ulihama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, bega kwa bega, mbele ya mashine. Nunua majengo na mitambo bila watu wa aina hiyo na utakuwa umenunua ghala.

Mwaka 1995 Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walichapisha kitabu juu ya kampuni zinazozalisha ujuzi. Hoja yao kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya ujuzi imo mikononi na vichwani mwa wafanyakazi, nao wenyewe mara nyingi hawawezi kuueleza. Taasisi inayoendelea ni ile inayougeuza kuwa maneno na taratibu ambazo mwingine atazichukua, azizoee, aziongeze. Kitabu hicho kimefundishwa katika vyuo vya biashara vya dunia nzima. Lakini mwaka huohuo wa 1995, katika mji wa Kikwit, hapa Kongo, kazi hiyohiyo ilikuwa ikifanywa na madaktari na wauguzi wasio na glavu za kutosha.

Ebola ilikuwa imeua watu zaidi ya 200 Kikwit. Madaktari wa pale pamoja na Jean-Jacques Muyembe walichukua damu ya waliopona, wakawaongezea wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakaishi. Wataalamu wa nje wakatikisa vichwa: hakuna kundi la kulinganisha, uangalizi ulikuwa umeboreka, mlipuko ulikuwa unaelekea ukingoni. Kisayansi hoja hizo zina uzito na sizibezi. Ninachotaka msomaji akione ni kilichofuata. Muyembe, ambaye tangu 1998 anaiongoza INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba na viumbe huko Kinshasa, hakuliacha swali life. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko, manusura wa Kikwit alitoa tena damu yake. Kutokana nayo watafiti wa INRB, wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani na wa Uswisi walipata kingamwili iliyopewa jina la mAb114.

Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, likaanzishwa jaribio lenye jina la lugha yetu, Pamoja Tulinde Maisha. Lilipokea wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa moto. Waganga wakarudi kazini. Agosti 2019 majibu yakawa wazi: kati ya waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35 hivi, na kati ya waliopewa ZMapp, dawa iliyokuwa ikitegemewa kabla ya hapo, karibu asilimia 50. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukapata tiba, na tiba hiyo ilipimwa katikati ya vita na Wakongo waliokuwa wakijaza fomu kwa mikono inayotoka jasho ndani ya plastiki.

Leo dawa hiyo inaitwa Ebanga. Leseni yake ni ya Ridgeback Biotherapeutics, kampuni ya Miami, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa kibali Desemba 2020. Damu ilitoka Kikwit, vitanda vilikuwa Beni, karatasi ya umiliki iko Florida. Hilo linaniuma na sitajifanya haliniumi. Hata hivyo nataka tuone kitu ambacho hakikuweza kupakiwa ndege. Uwezo wa kuendesha jaribio la aina ile, kupata ridhaa ya mgonjwa aliyeogopa, kulinda sampuli dhidi ya joto, kugawa dawa kwa kura bila upendeleo, kuandika kifo saa ileile kinapotokea, umebaki kwa watu wa INRB na kwa wauguzi wa Kivu. Umebaki kwa sababu palikuwa na taasisi ya kuupokea. Mlipuko unaofuata hauwakuti wakianza alifu.

Hata kampuni kubwa husahau. Feksinidazoli, kidonge kinachotibu malale, ilibuniwa na Hoechst ya Ujerumani, ikatupwa kando miaka ya 1980, ikakaa kwenye makabati hadi shirika la DNDi lilipoifufua mwaka 2005 katika kupekua dawa za zamani. Na kwa muda wote huo wagonjwa wa malale wa Kongo waliendelea kuchomwa melarsoproli, dawa yenye arseniki ambayo iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo. Aliyeliongoza jaribio kubwa la feksinidazoli ni daktari Mkongo, Victor Kande, na vituo vyake vilikuwa lopitali za vijijini ambako kwanza ilibidi kupeleka umeme na kufundisha wafanyakazi. Mwaka 2018 dawa ikakubaliwa. Kusahau kwa wenye mali kuligharimu maisha ya wasio na kitu. Kukumbuka kulihitaji watu wa huku.

Basi Kinshasa wana INRB. Kivu wana uzoefu wa Ebola. Sisi wa Lualaba, tuliotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, tuna nini?

Tuna miili yetu, na imekwisha kusomwa. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, akiwemo Benoit Nemery, walichapisha utafiti kuhusu metali katika mkojo wa wakazi wa ukanda huu wa shaba. Viwango vya kobalti kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viyeyushio vilikuwa vya juu kupita vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Mwaka 2018 timu hiyo ikaandika juu ya Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi mno kuliko watoto wa mtaa wa kulinganisha, na ndani ya miili yao zilionekana dalili za kuharibiwa kwa DNA. Mwaka 2020 ukaja utafiti wa Lubumbashi: watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusu migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro.

Kazi hizo ni za heshima, na Banza na wenzake wanastahili kuenziwa na mkoa huu. Lakini zimekaa katika majarida ya Kiingereza. Muuguzi wa kituo cha afya Kasulo anafungua daftari lake asubuhi na ndani yake kuna safu ya homa, safu ya uzito, safu ya malaria. Iko wapi safu ya kuuliza kama nyumbani kwa mtoto wanaosha madini?

Na hapa ndipo suala la dawa linaponitoa usingizini. Kobalti si sumu tu. Katikati ya kila molekuli ya vitamini B12 imekaa atomu moja ya kobalti. Dorothy Hodgkin wa Uingereza alilichora umbo la molekuli hiyo kwa mionzi ya eksirei miaka ya 1950, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1964. Chumvi ya kobalti yenyewe imewahi kuwa dawa: katikati ya karne iliyopita waganga wa Ulaya na Marekani waliwapa wenye upungufu wa damu kwa sababu inausukuma mwili kutengeneza chembe nyekundu, kisha wakaiacha ilipoonekana inavimbisha tezi ya shingo. Mwaka 1965 na 1966, mjini Québec, wanywaji wa bia waliugua moyo na wengine wakafa kwa sababu ya kobalti iliyotiwa kuimarisha povu. Elimu yote hiyo ilitengenezwa mbali, na watu waliokutana na kobalti kwa gramu.

Sisi tunaivuta na vumbi kila siku. Mtoto wa Kasulo anapopimwa damu kwa ajili ya malaria, je, kobalti aliyonayo mwilini inabadilisha kile kipimo kinachomwambia daktari kuhusu upungufu wa damu? Tezi yake ikoje? Dawa tunazompa zinapita katika figo zinazobeba mzigo gani? Haya ni maswali ya famasia, na mahali pake ni Kolwezi. Hakuna mji duniani wenye haki na wajibu wa kuwa bingwa wa kobalti mwilini kama huu wetu. Tukingoja wageni waje kutuuliza, watauliza ya kwao, na dawa itakayozaliwa itarudi kwetu na bei juu yake.

Wapo watakaoniambia: hiyo ni kazi ya Kinshasa, ipo ACOREP, mamlaka ya dawa ya taifa. Ipo, nayo inapaswa kuungwa mkono. Lakini kati ya Kinshasa na Kolwezi kuna umbali wa kilomita zaidi ya elfu moja kwa ndege, na shehena nyingi za dawa zinazofika kwetu zinapitia njia ya kusini, Kasumbalesa, pamoja na malori ya asidi na ya unga. Mkaguzi wa mbali hawezi kuijua chupa iliyoshushwa jana usiku. Anayeweza ni mtu wa hapa, akiwa na kifaa na mamlaka ya kusema simamisheni. Vifaa vya awali havitishi: lipo sanduku la Kijerumani linaloitwa Minilab, linabebeka, na linaweza kumkamata mwongo mkubwa kati ya dawa zaidi ya 100 za kawaida. Halitoshi kwa kila kitu, maana dawa yenye upungufu mdogo itaupita mtego huo na kuhitaji maabara kamili. Lakini vidonge vya Ituri, visivyo na diazepamu hata chembe, huenda vingekwama papo hapo.

Wengine watasema hakuna pesa. Hilo silivumilii. Sheria ya migodi ya 2018 inaipa mikoa asilimia 25 ya mrabaha, na maeneo ya wenyeji asilimia 15, na inaitaka kila kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mrabaha wa kobalti, kwa kuwa ni madini ya kimkakati, ni asilimia 10. Februari 2025 bei ya kobalti ilipoanguka, serikali ilifunga lango, ikasimamisha uuzaji wake nje ya nchi, na Oktoba mwaka huo ikaleta mgao wa kiasi. Dola inayoweza kuizuia kobalti yote ya taifa kwa ajili ya bei inaweza kuizuia katoni ya vidonge kwa ajili ya uhai. Uwezo umeshaonyeshwa. Uamuzi ndio unaongojwa.

Na tusifanye tena kosa lililofanywa na Gécamines, kampuni ya madini ya taifa. Kampuni ile, kama Union Minière kabla yake, iliwahi kuwa na lopitali, waganga na mafundi waliojua afya ya mfanyakazi wa mgodi kwa vizazi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja akaenda na anachokijua. Mzee anayejua jinsi walivyofuatilia mapafu ya wachimbaji wa Kamoto leo anauza muda wa simu mbele ya nyumba yake. Atafutwe. Akae na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, aongee, waandike. La sivyo ujuzi wake utazikwa naye, na haupatikani Leuven wala Kinshasa.

Kwa hiyo nawaambia wabunge wa mkoa, wanapokaa kuijadili bajeti: tengeni fungu la maabara ya dawa ya Lualaba, kwa jina lake, si ndani ya fungu la "afya na mengineyo". Nawaambia wakuu wa migodi: toeni wakemia wenu kwa zamu, wafundishe, na mtoe nafasi kwa vijana wa famasia wajifunze nidhamu ya sampuli katika maabara zenu. Nawaambia wafamasia wenye vyeti: mnajua ni maduka gani yanauza dawa zilizoiva juani, na kunyamaza kwenu kunawafanya washirika. Daktari mkuu wa kila zoni ya afya aongeze safu mbili katika daftari la wauguzi wake, moja ya namba ya toleo la dawa aliyopewa mgonjwa, nyingine ya kazi ya madini nyumbani, na kila mwezi wauguzi wakae pamoja kuzisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, wataniane, wabishane. Safu hizo mbili hazihitaji mfadhili, zinahitaji rula na kalamu.

Maabara ikifunguliwa, ianze na amoksilini ya watoto, dawa mseto za malaria na oksitosini ya wanaojifungua. Matokeo yabandikwe sokoni na kusomwa redioni, pamoja na namba ya toleo na jina lililo kwenye boksi, kila Ijumaa, na farmasi iliyokutwa na dawa bandia ifungwe siku hiyohiyo.